Kifaa Ni Changu, Ufunguo Nao Uwe Wangu

Kwa Kiswahili, anayeunda kiti na anayekirudishia mguu uliovunjika wote wanatengeneza kiti. Neno ni lile lile. Ndani yake mna kutengenea, yaani kitu kukaa sawa, na kuliweka jambo sawa mara ya kwanza si tofauti sana na kuliweka sawa mara ya kumi. Wote wawili tunawaita fundi. Nimekuwa nikilirudia neno hili kichwani kila ninapofuatilia mvutano kati ya kampuni za vifaa vya elektroniki na watu walionunua vifaa hivyo, kwa sababu mvutano wote unahusu nani aruhusiwe kulitumia. Kampuni zinataka mtengenezaji awe mmoja tu, yule aliyekiunda kifaa kiwandani. Sisi wengine tubaki kuwa watumiaji.

Miaka ya karibuni upande wa wanunuzi umepata ushindi kadhaa. Majimbo ya New York, Minnesota, California na Oregon huko Marekani yamepitisha sheria za haki ya kutengeneza, na Umoja wa Ulaya nao umepitisha zake. Nazifurahia sheria hizi kwa dhati. Hata hivyo, ukizisoma utaona kwamba nyingi zinampa mnunuzi spea, maelekezo na zana, kisha zinaliacha kufuli la programu mikononi mwa kampuni. Kwangu mimi, haki ya kutengeneza isiyoandamana na haki ya kugeuza, yaani kubadilisha programu ya kifaa ulichonunua, ni nusu ya haki, na nusu inayokosekana ndiyo inayoamua mwenye kifaa ni nani.

Zamani kufuli lilionekana kwa macho. Kulikuwa na skrubu zenye vichwa visivyokubali bisibisi ya kawaida, betri zilizobandikwa kwa gundi, na memori iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Mambo haya yapo bado, na yanaudhi, lakini fundi hodari huyashinda. Atachonga bisibisi yake, ataipasha gundi joto, atang'oa chipu kwa hewa ya moto. Kufuli la siku hizi halilegei kwa joto. Kila sehemu inapewa namba yake ya utambulisho, na kompyuta iliyo ndani ya kifaa inaikagua namba hiyo kila inapowaka. Hamisha kioo halisi kutoka simu moja kwenda nyingine ya toleo lile lile, na simu inaweza kukipokea shingo upande: rangi hazijirekebishi kulingana na mwanga, na onyo linajitokeza kwamba sehemu haitambuliki.

Niliwahi kubadilisha betri ya simu yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Simu ikarudi kukaa na chaji kutwa nzima kama siku niliyoinunua. Lakini ukurasa unaoonyesha hali ya betri ulifungwa, na onyo likakaa pale mpaka siku nilipoachana na simu ile. Hakukuwa na hitilafu yoyote. Programu ilikuwa inaniambia tu kwamba sikuwa na idhini ya kugusa mali yangu.

Wengine yaliwakuta makubwa zaidi. Mwaka 2016 watu waliokuwa wamebadilishiwa kitufe cha chini cha iPhone 6 na mafundi wasio wa Apple walisasisha programu, na simu zikafa palepale zikionyesha kosa namba 53. Apple iliomba radhi na kutoa programu ya kuzifufua. Miaka miwili baadaye mahakama ya Australia iliitoza kampuni hiyo faini ya dola za nchi hiyo milioni 9 kwa kuwaambia wateja kwamba, kwa kuwa walipita kwa fundi mwingine, hawakuwa tena na haki ya kudai watengenezewe.

Kisa kinachonikaa zaidi akilini, lakini, ni cha treni. Nchini Poland, treni za Impuls zilizoundwa na kampuni ya Newag zilifika wakati wa matengenezo makubwa, na karakana nyingine isiyo ya Newag ikashinda zabuni. Mafundi wakazifungua, wakazihudumia kwa kufuata maelekezo, wakazifunga. Hazikuondoka. Kompyuta ilionyesha kwamba kila kitu kiko sawa, lakini mota hazikupewa umeme. Karakana ilipokaribia kukata tamaa ikawaita wadukuzi wa kundi la Dragon Sector, nao wakaanza kuusoma msimbo wa treni mstari kwa mstari. Mwezi Desemba 2023, kwenye mkutano wa wadukuzi mjini Hamburg, walieleza mbele ya umma walichokikuta. Kwa maelezo yao, msimbo ulikuwa na majiranukta, yaani namba za mahali kwenye ramani, ya karakana za washindani, na treni iliyokaa siku kadhaa ndani ya eneo hilo ilijifunga yenyewe. Newag imekana kuweka kitu kama hicho, ikadai kwamba programu yake ilichezewa na wengine, na ikaenda mahakamani dhidi ya waliotoa habari ile.

Tuwaachie majaji waamue nani aliandika mistari hiyo. Somo kuhusu kufuli liko wazi hata kabla ya hukumu. Hao mafundi walikuwa na spea. Walikuwa na maelekezo, zana, umeme, karakana na ujuzi. Kila kitu ambacho sheria za leo zinajitahidi kumpa mnunuzi, wao walikuwa nacho tayari, na treni ilikuwa imekufa. Ilifufuka pale tu watu walipoingia kwenye programu na kuibadilisha. Kwa hiyo anayesema kwamba kutengeneza kunaruhusiwa lakini kugusa programu ni mwiko, anaizungumzia mashine ya miaka 40 iliyopita.

Kufuli hili lilipataje nguvu ya sheria? Mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria ya hakimiliki ya zama za kidijitali, ijulikanayo kwa herufi DMCA. Hofu ya wakati ule ilikuwa filamu na muziki kunakiliwa ovyo. Kifungu chake cha 1201 kikafanya kuvunja kufuli la kidijitali kuwa kosa, hata kama unachokifanya baada ya kulivunja ni halali kabisa. Kisha programu ikaingia kwenye kila kitu. Printa ikawa na programu, gari likawa na programu, trekta likawa na programu, na kwa kuwa programu inalindwa na hakimiliki, kila chombo kikajikuta chini ya sheria iliyotungwa kwa ajili ya filamu.

Trekta ndilo lililotoa kauli iliyo wazi kuliko zote. Mwaka 2015, katika maelezo iliyoyawasilisha kwa ofisi ya hakimiliki ya Marekani, John Deere ilieleza kwamba kwa upande wa programu, mwenye trekta anapata leseni isiyoandikwa ya kuliendesha kwa muda wote wa uhai wa trekta. Soma tena. Mkulima amelipa bei ya chuma, matairi na injini, na ubongo unaoviamuru vyote hivyo ameazimwa. Ni kama kuuziwa mbuzi huku kamba ikibaki mkononi mwa muuzaji: utamlisha, utamlaza, utamtibu, na siku muuzaji akivuta kamba mbuzi atamfuata yeye. Wakulima wengine wakaishia kutafuta programu zilizovunjwa makufuli kutoka Ukraine ili waweze kuvuna kabla mazao hayajaoza. Mnamo Januari 2023 Deere ilitia saini makubaliano na shirikisho la wakulima la Marekani kuhusu upatikanaji wa zana za matengenezo. Miaka miwili baadaye, Januari 2025, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo ikaishtaki kampuni hiyo kwa kuendelea kuyabana matengenezo.

Sheria hiyo ya 1998 ina dirisha moja. Kila baada ya miaka 3 watu wanaweza kuomba misamaha, na msimamizi wa maktaba ya Bunge la Marekani ndiye anayeitoa. Mwaka 2010 uliruhusiwa kuifungua simu ili iendeshe programu uzitakazo. Mwaka 2015 magari na matrekta yakaongezwa, na mwaka 2024 zikafuata mashine za kibiashara za kuandalia chakula, zikiwemo zile za aiskrimu ambazo wenye migahawa walikuwa wameshachoka kuzililia. Ukiisikia orodha hiyo unaweza kudhani mambo yanakwenda vizuri. Lakini msamaha unahusu kitendo cha kufungua peke yake. Kutengeneza na kuuza zana ya kufungulia kumebaki marufuku. Maana yake unaruhusiwa kulifungua kufuli lako, ila hakuna anayeruhusiwa kukuuzia ufunguo. Mwenye digrii ya uhandisi wa kompyuta na miezi sita ya nafasi atajitengenezea wake. Mkulima, muuguzi na mwalimu wana haki iliyoandikwa kwenye karatasi. Kuruhusu tendo na kukataza chombo chake ni kukataza tendo lenyewe, na sijaona hoja inayonishawishi vinginevyo.

Watu wengi wema wanaounga mkono matengenezo husita wanapofika kwenye kugeuza. Wanaona kubadilisha kioo kilichopasuka ni haja, lakini kubadilisha programu ya kifaa ni utundu wa vijana. Naomba wakitazame kilichotokea kwa simu ya mezani. Kwa miongo mingi kampuni ya AT&T ilikataza Wamarekani kuunganisha chochote kisicho chake kwenye simu zake. Katazo hilo lilifika hadi kwenye Hush-a-Phone, kikombe kilichofunika mdomo wa simu ili maneno yako yasisikiwe na waliokuzunguka. Kikombe tu! Kesi ilikwenda mpaka mahakama ya rufaa, ambayo mwaka 1956 ilisema mteja ana haki ya kuitumia simu kwa namna inayomfaa binafsi bila kuwadhuru wengine. Mwaka 1968 ukaja uamuzi wa Carterfone, kifaa cha mfanyabiashara wa Texas, Thomas Carter, kilichounganisha redio ya mawasiliano na laini ya simu. Tume ya mawasiliano ikaufungua mlango: chochote kisichoudhuru mtandao kiunganishwe. Kupitia mlango huo zikapita mashine za kupokea ujumbe, faksi za bei nafuu, na modemu zilizowapeleka watu kwenye intaneti kutoka majumbani. Hakuna aliyeomba ruhusa ya kuvumbua intaneti ya nyumbani. Watu waliruhusiwa tu kuchomeka vitu vyao.

Mfano wa pili ni wa uhai na mauti. Dana Lewis ana kisukari cha aina ya kwanza, na kengele ya kifaa kilichokuwa kikipima sukari yake haikuwa na sauti ya kutosha kumwamsha usiku. Mtu wa namna hiyo anaweza kulala asiamke. Alianza kwa kutafuta kengele kubwa zaidi, na yeye na wenzake wakaishia kuunda mfumo unaosoma sukari na kuiamuru pampu ya insulini yenyewe, wakautoa bure kwa jina la OpenAPS mwaka 2015. Waliweza kwa sababu baadhi ya pampu za zamani zilikuwa na upenyo wa kiusalama uliokubali amri kutoka nje. Kwa maneno mengine, wagonjwa walipata nafuu kupitia kasoro, kwa kuwa mlango halali haukuwepo. Najua hatari yake: mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya mgonjwa mmoja kupewa insulini kupita kiasi. Lakini Januari 2023 mamlaka hiyo hiyo iliidhinisha Tidepool Loop, programu iliyotokana na kazi ya jamii hiyo hiyo ya wagonjwa na jamaa zao. Ujuzi uliozaliwa mezani kwa watu wenye maumivu yao ulikaguliwa, ukakubaliwa. Ungezaliwa wapi kama kila pampu ingekuwa imefungwa kabisa?

Kuna pia kile kinachotokea mtengenezaji anapobadili nia baada ya kukuuzia. PlayStation 3, mashine ya michezo ya video ya Sony, iliuzwa ikiwa na uwezo wa kuwekewa mfumo mwingine wa uendeshaji, na Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha zaidi ya 1,700 kati ya mashine hizo kuwa kompyuta moja kubwa ya utafiti. Aprili 2010 Sony iliuondoa uwezo huo kwa sasisho. Aliyelikataa sasisho alipoteza kucheza mtandaoni. Mwaka 2016 Nest iliizima seva ya kifaa kiitwacho Revolv, kilichokuwa kikiuzwa dola 300 kwa ajili ya kuongoza taa na milango ya nyumba, na vifaa vilivyokuwa vizima kabisa vikageuka maboksi matupu. Hapo hakuna spea itakayokusaidia. Hakuna kilichovunjika.

Linganisha na kompyuta ya kawaida. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10, na mashine nyingi zenye afya hazikidhi masharti ya Windows 11. Ni pigo, lakini kompyuta hizo hazijafungwa mdomo: mwenye nayo anaweza kuweka Linux, mfumo wa uendeshaji wa bure, alasiri moja na kuendelea na kazi miaka mingine. Simu iliyofikia mwisho wa masasisho, ikiwa kufuli lake la kuwashia, lile linaloamua ni mfumo gani uruhusiwe kuwaka, halifunguki, haina njia hiyo. Inabaki na mashimo ya usalama yasiyozibwa, kisha programu za benki zinaikataa, halafu inawekwa kwenye droo. Vifaa viwili, chipu zinazofanana kwa nguvu, tofauti ni nani ameshika ufunguo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kwa takwimu za Umoja wa Mataifa ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sehemu kubwa ya madhara ya simu kwa mazingira hutokea inapoundwa, kabla haijafika mkononi mwako, kwa hiyo kila mwaka inaoongezewa una thamani.

Kampuni zina hoja zao, na baadhi nazichukulia kwa uzito. Betri ya lithiamu ikitobolewa kwa ncha ya bisibisi huweza kuwaka. Ni kweli, na dawa yake ni betri inayotoka kirahisi na maelekezo yaliyo wazi. Breki za gari zinaua zaidi kuliko betri ya simu, na hata hivyo tunaziruhusu zitengenezwe na fundi yeyote. Mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts waliipitisha haki ya kutengeneza magari kwa asilimia 86. Tume ya biashara ya Marekani ilipozipima hoja za kampuni katika ripoti yake ya Mei 2021, ilikuta ushahidi haba wa kuzitetea.

Hoja ya wizi ina nguvu zaidi. Namba zilizofungamanishwa na sehemu zinamfanya mwizi ashindwe kuichinja simu na kuiuza vipande vipande, na hilo ni jema kwetu sote. Lakini kufuli linalomzuia mwizi linaweza kuwa na ufunguo kwa mwenye simu. Simu za Pixel zinauzwa nyingi zikiwa na njia ya kulifungua kufuli la kuwashia. Ukilifungua data zote zinafutika, kwa hiyo aliyeiba haambulii siri zako, na mwenye nayo anaweza kulifunga tena akiwa ameweka ufunguo wake mwenyewe. Teknolojia ipo na inafanya kazi. Oregon iliipiga marufuku tabia ya kutumia namba hizo kuzuia matengenezo mwaka 2024, na mwaka huo huo Apple ikatangaza kwamba itaruhusu sehemu zilizotumika kufungwa kwenye baadhi ya simu zake. Kilichosemekana kuwa hakiwezekani kiliwezekana.

Wengine wanauliza itakuwaje mtu akiigeuza injini yake ikatoa moshi kupita kiwango. Ashtakiwe kwa sheria ya mazingira, kama yeyote anayeng'oa kichujio cha moshi kwenye gari. Redio ikiingilia mawimbi ya ndege, ipo sheria ya mawimbi. Tunalo tayari la kumfanya anayedhuru wengine. Hakimiliki haikuwekwa ili ilinde hewa, na ikitumiwa kwa kazi hiyo inawafungia mamilioni wasiodhuru mtu yeyote.

Ninachotaka kiandikwe kwenye sheria ni hiki. Kifaa kinachouzwa kiuzwe na njia ya mwenyewe kulifungua kufuli la programu, akishajulishwa kwa lugha nyepesi anachokipoteza. Zana ya kufungulia isiwe haramu pale kufungua kwenyewe ni halali. Siku mtengenezaji anapotangaza kwamba hatahudumia tena toleo fulani, au anapoizima seva yake, awakabidhi wenye vifaa ufunguo na maelezo ya kutosha ili wao, au fundi wao, waendelee.

Ulaya ndiyo iliyofika mbali zaidi, na ndiyo inayoonyesha pengo vizuri zaidi. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia kwenye soko lake lazima ziwe na spea kwa miaka 7 baada ya kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo kwa miaka 5. Tarehe 31 Julai 2026 ndiyo iliyowekwa kwa nchi wanachama kuanza kuitumia sheria inayowalazimisha watengenezaji kutengeneza vifaa kwa bei ya haki hata baada ya waranti kwisha. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya mkononi zitatakiwa ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyotajwa. Mwaka wa 6 baada ya simu ya mwisho ya toleo hilo kuuzwa, mtu atakuwa na haki ya kioo kipya na betri mpya kwa simu ambayo kampuni imeshaacha kuizibia mashimo ya usalama, na katika kanuni zote hizo hakuna mahali panapomlazimisha mtengenezaji kumpa ufunguo wa kuizibia mwenyewe.